Kivugo Kisicho na Shahidi: Kusoma Machapisho ya Kitaaluma ya Mtandaoni kutoka Ruziba, Bujumbura

Tangu LinkedIn ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2003, wasifukazi umeacha kuwa karatasi inayolala kwenye faili la mwajiri. Mwenye wasifu sasa anatarajiwa kuuhuisha mara kwa mara kwa machapisho mafupi: nimefanya nini, nimejifunza nini, ninaamini nini. Utanzu huu umeenea miongoni mwa wahitimu wa Afrika Mashariki pasipo kuhakikiwa. Katika warsha za ajira hufundishwa kama ufundi wa kujaza fomu, na mafanikio yake hupimwa kwa idadi ya alama za kupenda. Makala haya yanausoma kama utanzu wa kifasihi, na yanausomea Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara inayofuata Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge. Nimepachagua mahali hapo kwa kuwa mhitimu wa chuo na mwanika dagaa huweza kuwa majirani wa ukuta mmoja, lakini chapisho la mhitimu huandikwa kana kwamba jirani huyo hayupo.

Sharti la kwanza la utanzu huu ni la umbo. Chapisho linaweza kufikia herufi 3,000, ila msomaji huonyeshwa mistari michache ya mwanzo tu. Iliyobaki hujificha mpaka aguse skrini. Kwa msomaji mwenye simu ya bei nafuu na bando la kuhesabu, picha huchelewa kufunguka na maneno hutangulia, hivyo mistari hiyo ya mwanzo ndiyo chapisho lenyewe. Si sharti baya. Watunzi wa mashairi wamezoea kubanwa na mizani kuliko hivyo. Swali ni nini kinachowekwa katika nafasi hiyo finyu.

Tutazame mfano. Nimeutunga mwenyewe ili nisimwanike mtu hadharani, lakini mzoefu wa machapisho haya atautambua bila shida: "Kwa unyenyekevu mkubwa nina furaha kutangaza kwamba nimehitimu mafunzo ya uongozi na ujasiriamali. Safari haikuwa rahisi. Nilianguka. Nikainuka. Usiogope kuthubutu. Je, wewe umejifunza nini mwaka huu?" Mjini Bujumbura maneno ya namna hii huandikwa zaidi kwa Kifaransa, na siku hizi kwa Kiingereza. Yangeweza kuandikwa Toronto au Dubai bila kubadilishwa nukta. Nani alianguka, kwenye nini, mbele ya nani, na aliinuka kwa msaada gani? Unyenyekevu unatangazwa katika sentensi ileile inayojisifu, na swali la mwisho haliulizi kitu. Linaomba majibu ili mfumo unaopanga machapisho uliinue hili juu ya mengine. Msomaji anayetafuta mtu wa kumkabidhi kazi hatoki na chochote mkononi.

Mara nyingi nimesikia watetezi wa adabu wakisema kwamba kosa ni kule kujisifu kwenyewe, nao huleta methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikubaliani nao. Fasihi simulizi ya eneo letu ina utanzu mzima wa kujisifu. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliotoka kwenye jarida la Mulika mwaka 1989, aliweka kivugo miongoni mwa sifo: utungo wa majigambo ambao mtu hujitungia na kujighania mwenyewe. Warundi nao wana kitenzi cha kwivuga, ambacho kwa tafsiri ya moja kwa moja ni kujisema. Hakuna aibu katika kujisema. Lakini tuangalie mazingira ya kujisema huko. Mwenye kivugo husimama mbele ya watu wanaomjua. Hutaja vita, ng'ombe, kilima, mto, na majina ya waliokuwapo. Hutia chumvi, tena nyingi, na hadhira hujua chumvi inaanzia wapi kwa sababu wamo humo waliokuwapo siku ya tukio. Chumvi ya kivugo ina mpaka, nao mpaka huo ni shahidi. Hapo ndipo chapisho la mhitimu wetu linapoanguka kweli. Linajigamba mbele ya hadhira isiyoweza kulithibitisha wala kulikanusha, kwa hiyo halithubutu kusema jambo lolote linalohitaji kuthibitishwa.

Kusini kidogo ya Ruziba, pale Mugere, liko jiwe ambalo watalii hupelekwa kuliona. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871, walipopita hapo. Mukamba, mtawala wa eneo hilo aliyewapokea wageni, hayumo kwenye jiwe, ingawa Stanley mwenyewe alimwandika kitabuni. Silinganishi vitu visivyolingana. Jiwe ni jiwe. Hata hivyo kila nipitapo barabara ile hufikiri kwamba mazoea ya kuandika jina la msafiri na kuacha la mwenyeji hayakuanza na intaneti.

Sasa mfano wa pili, nao ni wangu wa kutunga, wa msichana aliyesomea uhasibu: "Mvua ya Novemba ilipotukuta, dagaa walioanikwa mchangani walioza kabla ya jioni. Nilikuwa ninatunza daftari la kikundi cha wanawake wanane. Tulihesabu hasara ya siku kumi, tukailinganisha na gharama ya vichanja vya waya. Niliwaambia vitajilipa kwa msimu mmoja. Vilichukua misimu miwili. Sikuwa nimehesabu misumari wala ujira wa fundi." Hakuna neno uongozi hapa, wala ujasiriamali, wala ari. Hata hivyo mwajiri ameonyeshwa mtu anayeweza kutunza daftari, kulinganisha gharama, kukadiria, na kurudi kwenye makadirio yake kuona yalipopotoka. Kukosea kwake kuna kiasi: msimu mmoja. Tulinganishe na "Nilianguka. Nikainuka." Yule wa kwanza anaomba kuaminiwa, huyu ametoa hesabu ambayo wanawake wanane wanaweza kumsuta nayo. Na mstari wa kwanza, ule unaoonekana kabla ya kugusa skrini, una mvua, mchanga na dagaa waliooza. Msomaji atagusa.

Kuna jambo la lugha ambalo washauri wa sera wanapaswa kulitazama kwa makini. Katika wasifu wa vijana wengi wa Bujumbura, Kiswahili kimeorodheshwa chini kabisa, kwenye sehemu ya lugha. Kimetajwa kama ujuzi, lakini chapisho hata moja halijaandikwa kwa Kiswahili. Ni kama seremala anayetundika randa ukutani na kupasua mbao kwa shoka la kuazima. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayohusu pia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ilianza kutumika Julai 2010. Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Hata hivyo sitamlaumu kijana. Anajua kwamba meneja wa Bujumbura husoma Kifaransa na shirika la Nairobi husoma Kiingereza, na njaa haimpi nafasi ya uzalendo wa lugha. Ninachosema ni chembamba zaidi: lugha ya chapisho ichaguliwe kwa kumfikiria anayeweza kulishuhudia. Biashara ya samaki kati ya Rumonge, Uvira na Kigoma huzungumzwa kwa Kiswahili. Mhasibu anayetaka kazi katika mnyororo huo ana hadhira ambayo Kifaransa chake hakiifikii.

Kwa wanaopanga mafunzo ya ajira, pendekezo langu ni la kubadilisha zoezi. Badala ya kumpa kijana kiolezo cha sentensi tano, apewe kazi ya kusimulia siku moja ya kazi yake kwa maneno mia moja, kisha akamsomee mtu aliyekuwapo siku hiyo, amsahihishe. Shule zetu hufundisha barua rasmi na wasifukazi. Simulizi inayosahihishwa na shahidi haimo. Kuhesabu alama za kupenda kuachwe, kwa maana rafiki hupenda hata asichosoma.

Zoezi hilo lina ugumu mmoja ambao sijaumaliza. Wale wanawake wanane wa mfano wangu hawana wasifu kwenye mtandao huo, na huenda hawataki hasara yao ijulikane kwa wanunuzi kabla ya msimu kwisha. Mhasibu akiwaandika bila kuwauliza, atakuwa amepata chapisho zuri kwa siri ya watu. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha itambidi ashuke ufukweni, awasomee kwa Kiswahili au Kirundi, na awe tayari kuambiwa afute mstari ule wa kwanza anaoupenda.