Marehemu ku Kilio Chake Mwenyewe

Juu ya kilio, wazee wetu wametufundisha mengi: nani anakaa karibu na maiti, nani anapika, nani anapewa neno. Neno la marehemu mwenyewe, hilo hakuna anayelipata. Filamu moja ya michoro ya Japani imejaribu kumpa marehemu macho na masikio ku kilio chake, na inafaa sisi wazazi na walimu tuiangalie vizuri, juu vijana wetu wanapenda sana filamu za namna hii.

Ni sehemu ya kwanza ya Yu Yu Hakusho, iliyotoka ku televizyo ya Fuji tarehe 10 oktoba 1992. Aliyeongoza kazi ni Noriyuki Abe. Hadithi ni ya Yoshihiro Togashi, ambaye alianza kuichora katika gazeti la vijana mwaka wa 1990. Mwenye kisa ni Yusuke Urameshi, kijana wa miaka 14. Anakimbia masomo, anapigana, walimu wamekwisha kuchoka naye. Mama yake anamlea peke yake, na pombe anaipenda. Siku moja anaona mtoto mdogo anafuata mpira barabarani, na gari inakuja mbio. Anajitupa, anamsukuma mtoto, gari inamgonga yeye.

Hapo roho inatoka. Yusuke anajikuta hewani, anaona mwili wake chini, watu wameuzunguka. Anakuja msichana mwenye kimono, jina lake Botan, amekaa juu ya kasia linaloruka. Kasia lile lina maana: Wabudha wa Japani wanasema wafu wanavuka mto unaoitwa Sanzu, na kazi ya Botan ni kuwaongoza. Anamwambia neno la kushangaza: kule kwa wafu nafasi yake haijatayarishwa, juu hakuna aliyefikiri kijana mbaya kama yeye angetoa maisha kwa ajili ya mwingine. Akikubali jaribu, anaweza kurudi mu mwili. Yusuke hataki. Anaamini hakuna atakayemlilia. Basi Botan anamwambia aende kwanza kuangalia kilio chake.

Wajapani wanakesha na maiti kabla ya kuichoma. Kesha hiyo wanaiita tsuya. Picha ya marehemu iko mbele, ubani unawaka. Keiko, rafiki yake tangu utoto, analia sana. Kuwabara, adui yake wa kila siku, anapiga kelele mbele ya picha, anamgombeza kwa kufa, juu sasa atapigana na nani? Zamani huko Japani ilikuwa desturi mtu kupanda juu ya nyumba na kuita jina la aliyekufa ili roho irudi. Ukijua desturi hiyo, kelele ya Kuwabara unaisikia namna nyingine. Mama amekaa kimya, kisha machozi yanamshinda. Na yule mtoto wa mpira anakuja na mama yake kushukuru, lakini kifo bado hakielewi.

Kumbe wako pia walimu wawili wanaomsengenya mwanafunzi wao hata mbele ya msiba. Mkuu wa shule, Bwana Takenaka, aliyekuwa anamkaripia sana, yeye anasimama mbele ya picha na huzuni ya kweli. Yusuke anawasikia wote. Kwangu, nguvu ya filamu iko hapa. Alipokuwa hai, aliambiwa karibu paka mabaya yake. Ilibidi roho itoke ili apate kujua kwamba alipendwa. Sisi walimu tujiulize. Neno tunalolisema leo mu chumba cha walimu juu ya mtoto wa kichwa ngumu, linamfuata kila mwaka wa masomo, na mwishowe yeye mwenyewe analisadiki.

Wako watakaosema: roho kutoka mwilini ni uchawi, zimeni televizyo. Siwakubali. Yusuke hatoki usiku kwenda kudhuru mtu. Ametolewa na kifo, na anarudi nyumbani kusikiliza. Tena tuwe na akili tunapotaja uchawi karibu na watoto. Hapa Kongo jina hilo limekwisha kufukuza watoto wengi nyumbani kwao, na sheria ya tarehe 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwazibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Makosa yako. Botan anasema kwamba mtoto wa mpira angepona hata kama Yusuke hangejitupa. Anasema hivyo akicheka-cheka, na tendo la kijana linapunguzwa thamani mbele ya macho yetu. Tena mfululizo wote una sehemu 112, na nyuma ya sehemu chache Yusuke anarudi mu mwili, anakuwa askari-mpelelezi wa ulimwengu wa roho. Kuanzia hapo ni vita juu ya vita, na kifo kinakuwa kama mlango wa kuingia na kutoka. Mama yule wa kilioni anasahauliwa karibu kabisa.

Hata hivyo sehemu ya kwanza ni kazi nzuri. Mwalimu anaweza kuionyesha mu darasa la masomo ya sekondari, kisha aombe kila mwanafunzi aandike jambo jema moja juu ya mwenzake aliyekaa karibu naye. Na mwalimu naye aandike lake, juu ya yule anayemsumbua zaidi.