Uchawi, Bahari na Kalamu ya Mwanafunzi: Tunavyofunza "Ushirikina" Darasani

Utangulizi

Ndugu mwalimu, hebu fungua daftari lako la maandalio uitazame orodha ya maudhui uliyowapa wanafunzi wako katika kitabu cha fasihi. Yamkini utakuta neno "ushirikina" limekaa kati ya "ufisadi" na "ndoa", na chini yake mistari miwili: kwamba jamii inaamini uchawi, na kwamba imani hiyo imepitwa na wakati. Mimi pia nilikuwa na orodha kama hiyo. Makala haya yanatokana na jibu moja la mwanafunzi lililonifanya niifute.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifunza Kidato cha Tatu katika shule moja ya pwani. Niliwauliza wanafunzi waeleze funzo linalotokana na maudhui ya uchawi katika kazi tuliyosoma. Mmoja wao, kijana mpole na mwandishi mzuri, aliandika kwamba mtunzi anatufunza wachawi waondolewe katika jamii, hata kwa kuuawa. Nilitia alama ya tiki, nikampa alama mbili, nikaendelea kusahihisha. Daftari la tatu au la nne baadaye mkono wangu ulisita. Nilirudi nyuma nikasoma tena nilichokipitisha.

Msomaji anayeijua pwani yetu anafahamu kwa nini nilisita. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee kwa miaka mingi wamekuwa wakishambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara kwa mara nyuma ya tuhuma hizo kumeonekana mgogoro wa ardhi. Huko Kaya Godoma, eneo la Ganze, wazee waliotishiwa na jamaa zao walipewa hifadhi. Kwa hiyo jibu la kijana yule halikuwa kosa la mtihani tu. Lilikuwa hukumu inayotekelezwa hatua chache kutoka lango la shule, na iliyopitia katika kalamu yangu nyekundu bila pingamizi.

Kazi tatu, uchawi wa aina tatu

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kudhani kwamba uchawi katika fasihi ni kitu kimoja. Tuchukue kazi tatu ambazo walimu wengi wa Kiswahili wamezisoma.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Ali anapatikana ameuawa penye mzimu. Watu wana maelezo tayari: mzimu umekasirika. Bwana Msa hakubali wala habishani na imani ya mtu. Anachofanya ni kuuliza maswali: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani alikuwa wapi, nani anafaidika. Hapa mzimu ni pazia, na nyuma ya pazia kuna mkono wa binadamu. Tukimwambia mwanafunzi kwamba riwaya hii "inapinga ushirikina" tumemwambia kweli, lakini tumemnyima kilicho muhimu zaidi, yaani namna ya kupinga. Mtu hupinga kwa kudai ushahidi.

Katika Mirathi ya Hatari (1977) ya C. G. Mung'ong'o, kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake. Uchawi hapa ni mzigo wa ukoo. Kijana aliyesoma anakabidhiwa kitu asichokiomba, na elimu yake haimwondolei mzigo huo kwa siku moja. Swali linalofaa kuulizwa darasani ni hili: mtu afanye nini na urithi ambao hakuuchagua? Mwanafunzi yeyote aliyeachiwa madeni, uadui au jina baya la ukoo analielewa swali hilo hata kama hajawahi kuona hirizi.

Katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi (1990), Said Ahmed Mohamed anatupeleka Giningi, nchi ya wachawi inayojulikana katika masimulizi ya Zanzibar, ambako Bi Kirembwe anatawala na watu wanalishwa "unga wa rutuba" ili wasifikiri wenyewe. Uchawi umegeuka jazanda ya utawala. Mchawi wa Giningi si kikongwe maskini anayeishi pembeni mwa kijiji. Ni yule aliye juu kabisa, mwenye ulinzi na jukwaa. Mwanafunzi akilielewa hilo, hataweza tena kuandika kwamba wachawi ni wazee wa kuondolewa. Ataanza kuuliza nani anamlisha nani unga, na kwa faida ya nani.

Ukizilinganisha kazi hizi utaona kwamba hakuna hata moja inayomhimiza msomaji amnyoshee jirani kidole. Ya kwanza inamfunza kuchunguza, ya pili kuhurumia, ya tatu kumtazama mwenye mamlaka. Je, katika orodha yetu ya maudhui, masomo haya matatu yamekwenda wapi?

Bahari na ibada zake

Kosa la pili linahusu fasihi simulizi. Nilipolirejesha jibu la kijana yule darasani bila kumtaja jina, msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "nyanya yangu hufukiza ubani ufuoni alfajiri, ngalawa za wajomba zinapotoka. Je, naye ni mchawi?" Wenzake walicheka, ila yeye hakucheka. Nami, mwenye shahada ya elimu na miaka kadhaa ya kufundisha, sikuwa na jibu la kumpa papo hapo.

Jibu lipo, na ni wajibu wetu kulijua. Lugha yetu ina maneno yanayotenga mambo haya vizuri kuliko vitabu vyetu vya marudio. Uchawi ni kukusudia kudhuru kwa siri. Uganga ni kutibu au kukinga: kombe linalooshwa likanywewa, hirizi, azima, fingo. Tambiko ni kuwakumbuka waliotangulia. Dua ni maombi kwa Mungu. Katika maisha mambo haya hukaribiana na mara nyingine hukaa nyumba moja, lakini mzungumzaji wa Kiswahili hayachanganyi ovyo. Sisi ndio tunaoyachanganya, tunapoyatia yote katika gunia moja la "ushirikina".

Bahari ndiyo inayodhihirisha jambo hili vizuri zaidi. Mtu anayekwenda kuvua anajua kwamba upepo wa kusi haumsikilizi yeye. Ndiyo maana safari hutanguliwa na dua. Ndiyo maana vyombo vya pwani vilichorwa macho kwenye omo. Katika Mombasa ya kale, Siku ya Mwaka ilipofika, ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa ili mji ukingwe na mabaya. Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa kila Julai, na jina lenyewe linatukumbusha kuoga. Hizi ni miviga kwa maana kamili tunayoifunza: zina wakati wake, mahali pake, watendaji wake na maneno yake. Nyanya wa yule msichana alikuwa akifanya kazi ya mama yeyote ambaye wanawe wako majini na hana njia ya kuwafikia.

Kuna pia kimai. Wengi wetu tunakitaja kama istilahi ya kukariri: nyimbo za wavuvi na mabaharia, basi. Lakini kimai hufungamana na kazi. Mkono unapovuta kasia, pumzi ndiyo inayopima urefu wa mshororo. Mwanafunzi asiyeona uhusiano huo atakariri fasili na kuisahau siku ya pili.

Miradi midogo iliyofaa

Baada ya swali lile nilibuni kazi tatu ambazo hazihitaji fedha. Ninazitoa hapa uzijaribu na uzirekebishe.

Ya kwanza ni kamusi ya darasa. Kila mwanafunzi anamuuliza mzee wa kwao maneno matano ya uganga, ibada au bahari, na kuyaandika nyuma ya karatasi za kalenda zilizopita, kila neno na fasili yake. Sharti ni moja: hakuna kutaja jina la mtu. Hapo ndipo darasa linapogundua kwamba maneno ya kukinga na kuponya ni mengi.

Ya pili ni kutunga kimai. Wanafunzi wanaketi sakafuni kwa safu, wanavuta kasia za kuwazia kwa pamoja, na kutunga mishororo inayolingana na mvuto. Wasioijua bahari watunge kwa mdundo wa jembe au wa kutwanga. Hapo mizani haifundishwi tena kwa kuhesabu vidole.

Ya tatu ni igizo la baraza. Mzee anatuhumiwa, na mwanafunzi mmoja anachukua nafasi ya Bwana Msa. Kila mshtaki lazima ajibu maswali mawili: uliona nini kwa macho yako, na utapata nini mzee huyu akiondoka? Hapa mwalimu anaweza kudokeza kwamba hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamhesabu anayemtuhumu mwenzake ovyo kuwa mkosaji.

Sitakuficha kwamba kulikuwa na malalamiko. Mzazi mmoja alifika shuleni akidai ninawafunza watoto uganga. Nilimwonyesha ile kamusi ya darasa. Aliisoma kimya, akanisahihishia fasili ya neno moja, akaenda zake.

Hitimisho

Ndugu msomaji, sidai kwamba somo la fasihi litamaliza mauaji ya wazee. Ninachodai ni kwamba lisiyape hoja. Wahenga waliosema mchawi mpe mtoto akulelee walijua kwamba hata yule unayemshuku huwekwa karibu na kupewa dhamana, naye akashikwa na dhamana hiyo. Tutakaposahihisha tena swali la ushirikina, tulisome jibu mpaka mwisho kabla ya kutia tiki.

Kijana yule aliliandika jibu lake upya muhula ule. Safari hii aliandika kwamba mtunzi anatutaka tuulize nani anafaidika na hofu yetu. Nilimpa alama zote.