Tathmini ya Nani? Uhakiki wa Lugha ya Hojaji za Mafunzo ya Mahakimu

Miongoni mwa maandishi yaletwayo mezani petu ili tuyapitie lugha yake, yapo machache yaonekanayo madogo lakini yabebayo mambo makubwa. Mojawapo ni hojaji ya kurasa nne iliyotungwa na ofisi moja kwa madhumuni ya kutathmini mafunzo ya mahakimu. Aliyeileta aliomba jambo moja tu, yaani tuthibitishe kwamba imeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Tuliisoma tukaona kuwa upatanisho wa ngeli ni sahihi na tahajia imezingatiwa. Hata hivyo hatukuweza kuipitisha.

Makala haya yana shabaha ya kueleza sababu. Hatuna nia ya kumlaumu mtungaji wake, kwa kuwa kasoro tulizoziona zimeenea katika fomu nyingi za namna hiyo, na baadhi yake zimetokana na sisi wenyewe tunaoshughulika na istilahi. Hoja yetu ni kwamba maandishi yaweza kuwa safi kwa sarufi na bado yasiweze kupima kile yanachodai kupima, endapo istilahi zake hazitenganishi mambo yapasayo kutenganishwa.

1. Sababu ya kulizungumza jambo hili

Mkoa wa Tanga una haki ya kuulizwa katika jambo hili. Huko Lushoto ndiko kiliko Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambacho hufundisha sheria kwa ngazi za cheti na stashahada na pia huwapa mafunzo watumishi wa Mahakama waliomo kazini. Lakini desturi ya kuwafunza kwa Kiswahili wale wenye kuamua mashauri ya watu ni kongwe zaidi katika pwani hiyo. Katika miaka ya 1890 serikali ya Kijerumani ilifungua skuli mjini Tanga ili ipate makarani na maakida, na akida alisikiliza pia mashauri madogo ya wananchi. Baadaye Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kwa Kiswahili vitabu vya sheria ya mirathi na ya nikahi. Kwa hiyo sheria katika Kiswahili si mgeni wa jana.

Lililo jipya ni upana wa matumizi. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zilipoanzishwa, lakini Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliruhusu Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi kuendesha mashauri kwa Kiswahili au Kiingereza, huku hukumu ikitakiwa iandikwe kwa Kiingereza. Mwezi Februari mwaka 2021 Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu, Musoma, akampandisha awe Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji hivyo. Tangu hapo, mafunzo ya hakimu ni mafunzo ya lugha pia, na mwenye kuyatathmini hana budi kuwa na maneno yanayotosha kazi hiyo.

2. Neno "tathmini"

Hojaji tuliyoletewa ina kichwa hiki: "Tathmini ya Hakimu Baada ya Mafunzo." Mtungaji alikusudia kupima mafunzo, lakini kichwa chake kinapima mtu.

Kosa hili si dogo. Watumishi wa umma wamelizoea neno hili kutokana na Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliofahamika kwa kifupi kama MWAMTUKA, ambao sasa umepisha mfumo mwingine wa kielektroniki. Katika mfumo ule aliyetathminiwa alikuwa mtumishi mwenyewe, na kupanda kwake cheo kulihusika. Basi hakimu aletewapo karatasi yenye neno hilo hilo, atajibu kama mtu ajikingaye. Aulizwapo kama ameelewa somo, ataandika kwamba ameelewa sana. Aulizwapo anapokwama, ataandika kwamba hakwami popote. Karatasi itarudi imejaa sifa, na walimu wake hawatajua ni somo gani lililowashinda wanafunzi.

Iko hatari ya pili, iliyo kubwa zaidi. Swali moja la hojaji lauliza: "Je, hukumu zilizotolewa baada ya mafunzo zimetathminiwa kuwa sahihi?" Yatupasa tuulize: zimetathminiwa na nani? Katiba, katika ibara ya 107B, yasema kwamba Mahakama zitakuwa huru katika kutoa haki. Usahihi wa hukumu hupimwa kwa njia ya rufani mbele ya mahakama iliyo juu, wala haupimwi na afisa wa mafunzo mwenye kalamu na jedwali. Afisa huyo aweza kuuliza kama hukumu imetaja hoja zinazobishaniwa, kama imetoa sababu, na kama lugha yake yaeleweka. Hawezi kuuliza kama mwenye shamba alistahili kushinda. Mtungaji hakukusudia kuingilia uhuru wa Mahakama, ila neno moja lililotumika bila mpaka limemfikisha pasipo pake.

Twapendekeza basi maneno matatu kwa kazi tatu. "Tathmini" ibaki kuwa ya mafunzo: mpango wake, walimu wake na faida yake. Kwa mtumishi, litumike "upimaji wa utendaji". Kwa hukumu, yabaki maneno ya Mahakama yenyewe, yaani "rufani" na "mapitio", na fomu za mafunzo zisiyaguse.

Hapa yafaa tukumbuke somo kutoka kwa kadhi wa Tanga. Katika Kiarabu neno "tathmini" lina shina moja la konsonanti na neno "thumni". Thumni katika mirathi ni fungu moja katika manane, ambalo mjane hurithi ikiwa marehemu ameacha mtoto. Hakuna mtu wa pwani asikiaye thumni akadhani ni robo. Neno hilo limelinda haki ya wajane kwa kuwa mpaka wake haujongei. Ndugu yake, tathmini, tumemwacha azurure.

3. "Matokeo", "athari" na "mwenendo"

Wataalamu wa mafunzo hupenda kufuata ngazi nne zilizoelezwa na Mmarekani Donald Kirkpatrick mwaka 1959: namna wanafunzi walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na faida iliyopatikana kwa chombo kizima. Ngazi hizi ni nyepesi kueleweka. Ugumu huanza zinapofasiriwa.

Hojaji yetu imeita ngazi ya nne "athari". Tulipokuwa Tanga tuliisoma mbele ya watu wachache wenye kuijua lugha yao, miongoni mwao mwalimu mstaafu. Tulipofika kwenye swali "Taja athari za mafunzo haya kwa Mahakama yako," mzee huyo alivua miwani akatuuliza, "Mwanangu, kwani mafunzo hayo yaliwadhuru nini?" Tulimjibu kwamba katika maandishi ya mipango neno hilo halina ubaya. Akasema kwamba yeye husikia juu ya walioathirika kwa mafuriko na walioathirika kwa ukame, ila hajapata kusikia juu ya aliyeathirika kwa mshahara. Hatukuwa na jibu.

Kamusi zetu zinalo neno "taathira", lenye maana ya nguvu ya jambo moja juu ya jingine, na halikutiwa doa la madhara. Twaona lifae kwa ngazi hiyo. Kadhalika neno "matokeo" limebebeshwa mizigo miwili. Mahakimu 40 waliohudhuria mafunzo wameitwa "matokeo", na kupungua kwa malalamiko juu ya hukumu zisizoeleweka pia kumeitwa "matokeo". Idadi ya waliohudhuria yaonyesha tu kwamba fedha zimetumika. Haionyeshi kwamba kuna mtu aliyefaidika. Msomaji wa taarifa akikuta neno moja kwa yote mawili, ataona mafanikio penye mahudhurio tu. Yafaa ya kwanza yaitwe "kilichotekelezwa" na ya pili "badiliko".

Ama ngazi ya tatu, hojaji imeuliza: "Je, mwenendo wa hakimu umebadilika?" Karani wa mahakama tuliyemsomea alidhani swali lahusu mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yale yaliyosemwa na kutendeka mahakamani tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine alidhani hakimu atuhumiwa kwa ulevi. Wote wawili walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Neno lililokwisha kupewa kazi mahakamani halifai kupewa kazi ya pili katika fomu isomwayo mahakamani. Twapendekeza "utendaji kazini".

4. Maneno yanayofundishwa

Tusiseme juu ya maneno ya wapimaji tu, tukayanyamazia ya sheria. Hojaji yauliza: "Umeelewa tofauti kati ya ndoa batili na ndoa batilifu? Ndiyo/Hapana."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yatenganisha mambo mawili. Kifungu cha 38 chataja ndoa zisizokuwa ndoa tangu mwanzo. Kifungu cha 39 chataja ndoa zenye kasoro, ambazo hata hivyo ni halali mpaka Mahakama itakapozitengua. Mwanamke wa Pangani mwenye ndoa ya namna ya pili ni mke halali leo, na atakuwa mke kesho, maadamu Mahakama haijasema vinginevyo. Ndoa hii ya pili ndiyo imezoeleka kuitwa "batilifu".

Lakini sikio la Mswahili hulipokeaje umbo hilo? Mtulivu ni yule ambaye utulivu umekuwa sifa yake. Mkamilifu hana upungufu, na mpotofu amepotoka hasa. Kwa mfano huo, ndoa batilifu yasikika kuwa imebatilika kuliko ile iliyo batili. Istilahi imesema kinyume cha sheria. Hakimu aweza kukariri tofauti hiyo darasani Lushoto na akaifahamu vema, ila mwanamke asomewaye hukumu hakupita darasa hilo. Twapendekeza "ndoa inayotengulika", ambayo hujieleza yenyewe kwamba yaweza kutenguliwa na kwamba haijatenguliwa bado.

Tena swali lenyewe halipimi kitu. Ajibuye "Ndiyo" amethibitisha tu kwamba ajua kusoma. Afadhali apewe kisa kifupi, aandike mistari mitano ya uamuzi.

Kosa jingine ni kuchanganya "jaji" na "hakimu". Kichwa chasema mahakimu, na ndani twasoma majaji, bila shaka kwa kuwa matini ya awali ilitumia neno moja kwa wote. Katika Tanzania jaji huketi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hakimu huketi Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi. Mafunzo yao hayalingani. Zanzibar na Kenya wako pia makadhi wenye mahakama zinazotambuliwa na sheria. Mfasiri asitafute neno moja la kuwafunika wote. Aandike "majaji na mahakimu", hata kama mstari utarefuka.

Hali ya kinyume nayo ipo: dhana moja kupewa majina mengi. Uendeshaji wa shughuli za Mahakama huitwa "uongozi" katika jina la Chuo, na anayeuendesha huitwa "Mtendaji Mkuu". Majina rasmi hayabadilishwi kwa makala, lakini mwalimu afundishaye somo hilo yafaa awaeleze wanafunzi kwamba uongozi na utendaji hapa vyakutana.

5. Kipimo kilichosahauliwa

Katika kurasa zote nne hatukukuta swali hata moja juu ya mtu aliyeshindwa. Mwenye kushinda huridhika hata kwa hukumu asiyoielewa. Ni mwenye kushindwa ahitajiye kuelewa.

Tuchukue mgogoro wa kawaida wa pwani, ambako kwa desturi minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Hukumu isemayo "mdai amepewa shamba" haijasema ni nani atakayeangua nazi. Aliyeshindwa akirudi nyumbani na mashaka hayo, ugomvi utarudi naye. Na kama alitaka kukata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, sheria imempa siku 30. Siku hizo hupita upesi kwa mtu ambaye bado auliza majirani maana ya karatasi aliyopewa.

Kwa hiyo twapendekeza hojaji iongezewe maswali matatu, ambayo ataulizwa aliyeshindwa, kwa hiari yake, atokapo mahakamani: Umeamriwa kufanya nini? Kwa sababu gani? Waweza kufanya nini usiporidhika, na kwa muda gani? Maswali haya hayaulizi kama hakimu alikosea, kwa hiyo hayagusi uhuru wake. Yauliza kama alieleweka, na hilo ndilo mafunzo ya hukumu kwa Kiswahili yalikusudia.

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

(a) tathmini: ya mafunzo pekee;
(b) upimaji wa utendaji: wa mtumishi;
(c) kilichotekelezwa, badiliko, taathira: badala ya "matokeo" na "athari";
(d) utendaji kazini: badala ya "mwenendo";
(e) ndoa inayotengulika: badala ya "ndoa batilifu";
(f) majaji na mahakimu: yaandikwe yote mawili.

Hojaji tumeirudisha kwa mwenyewe pamoja na maelezo haya, na ameahidi kuitunga upya. Wafasiri na walimu wenye maneno bora kuliko haya, hasa walio Tanga, Muheza, Pangani na Lushoto, watuandikie. Neno "taathira" hasa twataka lijaribiwe darasani kabla halijasanifishwa, kwani twajua kuwa litapata wapinzani, na huenda wakawa na haki.