Mulongo wa Kasumbalesa: ni uleule ao ni mwingine?

Bandugu, makamyo ya Kasumbalesa yanabadilika kila siku, lakini sisi wote tunasema "mulongo" sawa vile ni kitu kimoja. Je, ni uleule kweli?

Mu 2005, Kalnis, Mamoulis na Bakiras waliandika makala juu ya makundi ya vitu vinavyotembea. Jibu lao linanipendeza: kundi linaweza kubaki lilelile hata kama walio ndani wanabadilika, mradi wabadilike pole pole. Wanapiga picha ya vitu kila kisha muda fulani, wanaangalia pale vimesongana, njo wanalinganisha picha mbili zinazofuatana. Tuseme kuko makamyo 10. Mawili yanavuka, mawili mapya yanafika: 8 yamebaki, kati ya 12 yote yaliyoonekana. Hiyo ni karibu 0.67. Kama kipimo ni 0.5, mulongo uko muzima. Jeung na wenzake, mu 2008, walitafuta "konvoi", maana vitu vilevile vitembee pamoja muda murefu. Ku mupaka wetu hiyo haitusaidie sana.

Lakini piga picha mara moja kwa siku: kama yote 10 yamevuka, hesabu inakuwa 0. Mulongo "umekufa", na kumbe watu wanauona palepale! Uhai wa kundi unategemea saa ya mupiga picha.

Kwangu mimi mutu wa kilimo, kuko kasoro kubwa kuliko hiyo. Kila kamyo ni nukta tu. Kamyo ya shaba inatoka, kamyo ya bunga inaingia, zinakaribiana pa mupaka, na hesabu ya ukaribu inaweza kuziunga kundi moja. Mu Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, kisha Kongo kukataza bia na vinywaji baridi kutoka kwao. Siku kama zile, shaba inangoja bila kuoza. Tomati haingoje. (Na tumbo pia.) Ramani yenye nukta za rangi moja haioni tofauti hiyo.

Ningetenganisha kwanza mizigo na upande inakoelekea, kisha njo nipime ukaribu. Mulongo wa bunga, picha kila saa. Ule wa shaba, mara moja kwa siku inatosha.