Kusoma Seva Si Kuigusa

Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilikosea Agosti 2017, na ilikosea kiufundi kabla hatujafika kwenye sheria. Nimelisema tangu wakati ule na nitaendelea kulisema. Tarehe 28 Mahakama ya Juu iliagiza ruhusa ya kusoma tu: nyayo za walioingia kwenye seva tangu Agosti 5, na mahali kilipokuwa kila kifaa cha KIEMS, vile vya kutambulia wapiga kura na kutumia matokeo. Tume ikaleta hoja ya usalama wa mfumo, muda ukayoyoma, sehemu muhimu hazikufunguliwa. Septemba 1 majaji wanne kati ya sita wakaufuta uchaguzi wa rais.

Usalama gani? Logi, yaani kumbukumbu ya nyayo hizo, imekwisha kuandikwa na seva yenyewe. Unaitolea nakala, unaichambulia kwenye mashine nyingine, na prosesa ya seva haina habari nawe. Waliokuwa wakipiga kelele za “fungua seva” barabarani walikuwa wanaomba jambo jepesi kuliko walivyodhani wenyewe.

Hoja ya Tume ingekuwa na uzito kama mtu angetaka kupachika programu ya kupimia ndani ya mfumo ulio kazini. Hapo kipimo hula muda wa prosesa ile ile kinayoipima, husukuma data za wengine nje ya kashe, na namba inayotoka ni ya mfumo uliokwisha kuvurugwa. Ukitaka kuhesabu ngamia kisimani hapa Banissa, usisimame mbele ya hori; utawazuia kunywa, kisha uandike kwamba kisima kina foleni. Kaa pembeni, wanapotokea wakishashiba. Wala usije saa ile ile kila siku, maana hiyo ni zamu ya boma moja, nawe utadhani ngamia wote ni wao.

Wahandisi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment waliyajua haya yote mwaka 1997. Programu yao ya kupimia, DCPI, ilichukua sampuli zaidi ya 5,200 kwa sekunde kwenye prosesa ya megahezi 333, kwa vipindi vya kubahatisha ili zisioane na mizunguko ya programu, na kazi nyingi zilipungua kasi kwa asilimia 1 hadi 3 tu. Waliitengeneza iwake mfululizo kwenye mashine zilizo kazini! Miaka 20 baadaye sisi tuliogopa kusoma faili.



Lakini saa ya kwenye logi peke yake haitoshi. Tume yenyewe ilitangaza kwamba vituo 11,155 havikuwa na mtandao wa 3G, na wasimamizi wa vituo hivyo wangelazimika kusafiri ili watume matokeo. Saa iliyomo kwenye logi basi ni saa ya kupata mtandao, si ya kumaliza kuhesabu. Bila mahali kuandikwa kando ya saa hiyo, msimamizi aliyekuwa njiani usiku kucha na fomu yake hatofautiani na aliyeikalia makusudi.