Shukrani Isiyongoja Kupona: Juu ya Ushuhuda wa Wanaouguza Runyenjes

Wahakiki wetu wamejishughulisha sana na utenzi, ngano na riwaya, na ushuhuda wa kanisani wakawaachia wanateolojia. Yasikitisha. Mahali kama Runyenjes, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, ushuhuda ni fasihi simulizi iliyo hai, na hadhira yake yaijua fani barabara. Fani hiyo ilienezwa na uamsho wa Gahini, Rwanda, uliofika Kenya mwaka 1937: msemaji humsifu Bwana, hueleza alivyokuwa, hutaja siku aliyookoka, kisha hushukuru. Kisarufi ni safari ya kutoka -li- hadi -me-.

Je, fani hii hufanyaje kazi kinywani mwa mke ambaye mumewe amepatwa na demensia? Maradhi haya, ambayo namna yake kuu ilielezwa na Alois Alzheimer mwaka 1906, hayajapata dawa ya kuyaponya. Ile -me- inayongojewa haiji. Msemaji abaki katika -na-: anamlisha, anamwosha, anamfuata usiku atokapo nje akidai anakwenda kwao, naye yuko kwao.

Shuhuda dhaifu hulikwepa tatizo hili kwa kuikimbilia shukrani. Mgonjwa huitwa “jaribu langu”, na tangu hapo hana sauti wala tabia. Amezikwa kifasihi angali hai. Zilizo bora hushukuru kwa vitu vidogo vyenye umbo: kwamba leo ameumaliza uji, kwamba alipoanzishiwa wimbo wa kale aliuimba mpaka mwisho, ingawa majina ya wanawe yamemtoka. (Si ajabu, kumbukumbu ya nyimbo mara nyingi hudumu baada ya nyingine kupotea.) Tena msemaji hakubali maneno ya mtaani, kwamba mzee karogwa au amerudi utotoni. Husema pia kwamba amechoka, na kwamba jana alimkaripia. Imani isemwayo namna hii naiamini zaidi, hata kama wazee wa kanisa hukohoa kidogo.

Yapo pia mambo ya kihusishi. Paulo, katika 1 Wathesalonike 5:18, ahimiza shukrani kwa Kigiriki chenye maana ya “katika” kila hali. Union Version ya 1952 imetumia kwa, neno liwezalo kumaanisha pia “kwa sababu ya”. Habari Njema imechagua katika. Tofauti hiyo si ya wanaisimu pekee. Mke aliyeambiwa amshukuru Mungu kwa sababu ya ugonjwa wa mumewe ametwishwa mzigo ambao mstari huo haukumtwika. Akishukuru katika ugonjwa, aweza kuuchukia ugonjwa na kumpenda mgonjwa kwa pumzi moja.

Na atamtazama nani awe kielelezo chake? Katika Biblia mke wa Ayubu hunena mara moja tu, katika sura ya 2, tena kwa uchungu; hatuelezwi kama alimwosha mumewe vidonda. Utenzi wa Ayubu wa pwani, ambao Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920, wafuata mapokeo ya Kiislamu, na humo mke ndiye amhangaikiaye mgonjwa na kumtafutia chakula. Tangu nilipousoma utenzi huo ng’ambo nimeona ajabu kwamba mke wa Kikristo wa Embu, ambaye maisha yake yamo humo, hajakutanishwa nao, si shuleni wala kanisani.

Waume wauguzao wake zao sijawagusa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wanawake hutoa asilimia 70 hivi ya saa za kuwatunza wenye demensia; hata hivyo waume hao wapo, nao husimama kanisani kwa nadra. Wasimamapo, huomba maombi na kuketi. Fani haijawapa maneno ya kusema kwamba asubuhi wamemsuka mke nywele.