Ubovu Unaojificha

Pikipiki iliyokufa kabisa haimpi fundi taabu. Fyuzi imekatika, koili imeungua. Anapima, anabadilisha, anapokea chake. Kazi ipo kwa ile inayozima njiani, ikisukumwa hadi gereji inawaka kwa kiki ya kwanza, na mwenyewe anabaki akiapa kwamba sasa hivi tu haikuwa na cheche. Hapo ndipo ninapomtambua fundi wa umeme, na kazi hiyo naiheshimu kuliko nyingine zote zinazofanyika chini ya miembe kando ya barabara zetu.

Ubovu wa namna hii huondoka wenyewe. Fundi wa haraka akifunga koili mpya, na pikipiki ikatembea siku tatu bila kuzima, yeye na mteja wataamini kwamba koili ndiyo ilikuwa mbovu. Kumbe waya ulisogea kidogo tu tangi lilipofunguliwa. Ndiyo maana fundi makini hakimbilii spana. Anataka kwanza ubovu utokee mbele yake, tena kila anapoutaka.

Nilimtazama mmoja kwenye Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambayo nakala za injini yake kutoka China zimeenea Afrika Mashariki yote. Mwenyewe alisema inazima kwenye kona. Fundi aliiwasha, akazungusha usukani kulia: hakuna kilichobadilika. Akauzungusha kushoto mpaka mwisho, injini ikakata. Akaunyoosha, akapiga kiki, ikawaka. Akarudia, ikazima tena.

CDI ya pikipiki ile, yaani kifaa kinachotoa umeme wa cheche, ililishwa na sumaku ya injini, si betri. Kwenye mfumo huo waya mweusi wenye mstari mweupe hupanda hadi swichi ya ufunguo. Ukizima, swichi huupeleka ethi, yaani kwenye chuma cha fremu, na cheche inakufa. Basi waya huo ukichubuka na kugusa fremu popote, ni sawa na mtu kugeuza ufunguo. Fundi akauchomoa pale unapoungana na CDI, akawasha, akakata kushoto. Injini ikaendelea kunguruma. (Ufunguo haukuweza tena kuizima, kwa hiyo aliingiza gia, akakanyaga breki, akaachia klachi.) Hakuwa amebadilisha kifaa hata kimoja, na tayari nusu ya pikipiki ilikuwa imeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Alipofungua tepu shingoni mwa fremu, plastiki ya waya ilikuwa imelika hadi shaba, na kwenye chuma palikuwa na alama ndogo inayong'aa, mahali rangi iliposuguliwa.

Ingekuwa inazima ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa, angeifuata njia nyingine: kutazama cheche palepale inapozima, kabla haijapoa. Cheche ikiwepo, hufungua kifuniko cha tangi na kusikiliza, kwa sababu tundu la hewa likiziba petroli haishuki, na watu hulaumu umeme bure.

Mita nayo humdanganya asiyeijua. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utalia vizuri ukipimwa bila mzigo, lakini taa ya breki ya wati 21 kwenye volti 12 inadai karibu ampea 2, na uzi ule hauzipitishi bila kupoteza volti. Kwa hiyo fundi hupima taa ikiwa imewashwa: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha kishikio cha balbu. Ethi nzima huonyesha karibu na sifuri. Ikisoma volti nzima au mbili, umeme unapotea kati ya ncha hizo, mara nyingi kwenye kiungio kilichoota kutu ya kijani.

Kinachonisikitisha ni nyaya za taa za urembo na redio, zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Masika moja tu inatosha kuziozesha.

Mwenye ile Honda aliuliza alipie nini, maana hakuna kilichonunuliwa zaidi ya kipande cha mpira wa kufunika waya. Mimi nilikuwa upande wa fundi. Koili mpya ingemgharimu zaidi, na pikipiki ingezima kwenye kona ileile.